Fidia ya asbesto: mfuko wa wafanyakazi, kesi, mfuko wa muflisi au mfuko wa serikali?

Vumbi la asbesto, madini ya nyuzi yaliyotumika kuzuia joto na moto, hudai deni lake kwa kuchelewa. Kijana wa miaka 20 huvuta nyuzi zake kwenye karakana ya boila, na mesotelioma, yaani saratani ya utando unaofunika mapafu au tumbo, humjia miaka 20 hadi 50 baadaye akiwa babu. Kufikia hapo mwajiri ameuza kiwanda, msimamizi wa zamu ameshazikwa, na daftari la mishahara limeliwa na mchwa. Ndiyo maana swali la familia nyingi, "Njia ipi inalipa zaidi?", mimi naona huulizwa mapema mno. Kwanza ulizeni nani bado yupo wa kulipa, na mkishapokea hela zake, haki ipi nyingine inakufa.

Njia zenyewe ni nne. Upo mfuko wa fidia ya wafanyakazi, au bima inayofanya kazi hiyo, ambao hulipa bila kuuliza nani alizembea. Ipo kesi ya madai dhidi ya mwajiri, mtengenezaji wa bidhaa au mwenye jengo. Ipo mifuko ya wadhamini iliyoachwa na kampuni zilizofilisika, hasa Marekani. Na ipo mifuko maalumu ya serikali kwa ajili ya waathirika wa asbesto, kama ule wa Ufaransa. Nchi nyingi zina ya kwanza na ya pili tu, na nyingine ukichukua ya kwanza basi ya pili haipo.

Unatakiwa kuthibitisha nini?

Mzigo mwepesi zaidi uko kwenye mfuko wa wafanyakazi. Ugonjwa uwe kwenye orodha ya magonjwa ya kazini, na kazi yako iwe ya kukukutanisha na vumbi hilo, basi. Hakuna anayehangaika kujua kama mwajiri aliijua hatari. Orodha ya Mkataba Na. 121 wa Shirika la Kazi Duniani iliporekebishwa mwaka 1980 iliingiza saratani ya mapafu na mesotelioma zitokanazo na asbesto, kwa hiyo hapo hakuna jipya la kubishania. Ugumu hujificha kwenye faili la hospitali. Makovu ya mapafu ya asbestosisi yakiandikwa "kifua kikuu cha zamani", dai linaweza kuzungushwa mpaka mtu achoke. Kabla ya kujaza fomu yoyote, hakikisha jina la ugonjwa limeandikwa na daktari anayeyajua magonjwa ya vumbi.

Mahakamani lazima uonyeshe zaidi: kwamba mdaiwa alijua au alipaswa kujua, na hakuchukua hatua. Halafu kuna fundo la nani hasa alisababisha. Mtu aliyepita kwa waajiri watano hawezi kuonyesha uzi uliomwua ulitoka kwa nani. Sayansi yenyewe haiwezi. Mwaka 2002, katika kesi ya Fairchild, mahakama ya juu kabisa ya Uingereza ilikubali kwamba kwa mesotelioma inatosha kuonyesha mwajiri aliongeza hatari kwa kiasi cha maana. Mei 2006, katika kesi ya Barker, mahakama hiyohiyo ikaligawa deni: kila mwajiri alipe fungu lake tu. Bunge likakataa, na kabla mwaka haujaisha sheria ya fidia ya 2006 ikampa mgonjwa wa mesotelioma haki ya kumdai deni zima mwajiri yeyote mmojawapo.

Angalia maana yake mfukoni. Mafundi wawili walifanya kazi pamoja kwa waajiri walewale watano, na leo amebaki mmoja mwenye bima. Aliyepata mesotelioma anaweza kumdai huyo mmoja fidia yote. Aliyepata asbestosisi, ugonjwa unaozidi kadiri ulivyovuta vumbi zaidi, atalipwa kwa miaka aliyokaa kwa huyo mmoja tu, na mafungu mengine yanapotea. Vumbi lile lile, sheria ile ile ya nchi moja, lakini jina la ugonjwa limebadilisha hesabu. Kwa mgonjwa huyu wa pili, mfuko wa wafanyakazi usiojali idadi ya waajiri unaweza kumfaa kuliko kesi.

Saratani ya mapafu ni kesi ngumu kuliko zote kwa sababu ya sigara. Wakili wa bima atauliza ulivuta pakiti ngapi kwa siku, na atauliza kana kwamba jibu linamaliza mjadala. Halimalizi. Sigara na asbesto kwa pamoja huongeza hatari kuliko kila moja peke yake, na mvutaji bado anaweza kulipwa, ingawa kwa makato. Katika kesi moja ya Uingereza ya mwaka 2005 dhidi ya Wizara ya Ulinzi, makato ya sigara yalikuwa 20%.

Mifuko ya wafilisika nayo inataka kitu cha aina nyingine kabisa: bidhaa. Kwamba ulivuta vumbi la asbesto haitoshi. Lazima liwe vumbi la bidhaa ya kampuni hiyo, mahali fulani, miaka fulani. Hapa ndipo kumbukumbu za mzee zinageuka kuwa mali, na hapa ndipo madai mengi hudhoofika bure. Chukua maelezo mawili ya mtu yuleyule. La kwanza: "Nilifanya kazi kwenye mtambo wa umeme kuanzia 1968 hadi 1974. Kulikuwa na vumbi jingi." La pili: "Nilikuwa msaidizi wa fundi wa boila. Juu yetu, kwenye jukwaa, mafundi wa kuvika mabomba ya mvuke walikata vifuniko kwa msumeno bila kulowesha maji. Magunia ya unga tulipasua kwa kisu, tukamimina kwenye pipa nusu na kukoroga kwa koleo. Saa ya chai tulikalia magunia hayohayo, na maandishi mekundu ya kampuni yalikuwa yanabaki kwenye suruali." Maelezo ya pili yanaelekeza kwa mdaiwa, yanaonyesha uzembe, na yanampa mshauri wa mfuko cha kulinganisha na orodha yake ya maeneo yaliyotumia bidhaa hizo. Kaa na mzee wako akiwa bado na pumzi. Muulize kazi moja moja, mwaka mmoja mmoja, nani alisimama kando yake, na rekodi sauti yake.

Mfuko wa Ufaransa, uitwao FIVA, ulioanzishwa kwa sheria ya Desemba 2000, umeikata kamba hii mapema: kwa magonjwa yanayojulikana kuwa ya asbesto moja kwa moja, mesotelioma ikiwemo, cheti cha daktari chenyewe kinahesabiwa kuwa ushahidi kwamba ulikutana na vumbi.

Hela zinakuja ngapi?

Mfuko wa wafanyakazi hulipa matibabu, sehemu ya mshahara na asilimia ya ulemavu. Maumivu haulipi, wala usiku wa kulala umekaa kwa sababu ukilala chali pumzi inakata. Tofauti na mahakama inaweza kuwa ya kutisha. Thembekile Mankayi, mchimba dhahabu wa Afrika Kusini aliyeharibiwa mapafu na vumbi la mwamba, alilipwa randi 16,320 chini ya sheria ya magonjwa ya migodini ya mwaka 1973, ambayo ndiyo inayowahusu pia wachimbaji wa asbesto. Kwa hasara hiyohiyo alidai mahakamani takriban randi milioni 2.6. Machi 2011 Mahakama ya Katiba ikaamua kwamba mchimbaji wa mgodini aliyelipwa kwa sheria hiyo hazuiwi kumshtaki mwajiri wake. Mankayi alikuwa amefariki siku chache kabla ya hukumu kusomwa.

Kesi hulipa zaidi, ikishinda, na ikiwa mdaiwa ana kitu. Neno hilo la mwisho ndilo watu husahau. Wachimbaji wa asbesto wa Afrika Kusini na familia zao, takriban 7,500, waliifuata kampuni ya Cape, iliyokuwa nyuma ya migodi yao, hadi London. Julai 2000 walipata ushindi mkubwa, pale mahakama ya juu ya Uingereza ilipokubali kesi isikilizwe hukohuko ilikosajiliwa kampuni mama. Mwaka uliofuata yakafikiwa makubaliano ya pauni milioni 21. Cape ikashindwa kulipa. Mwaka 2003 wakapokea pauni milioni 7.5 kutoka Cape, wastani wa pauni 1,000 kwa kila mdai, na wengi walikuwa wameshakufa wakati mawakili wakibishana kesi isikilizwe nchi gani. Nafuu zaidi ilitoka upande mwingine: mwaka huohuo kampuni ya Gencor, iliyorithi baadhi ya migodi, ilichangia kuanzishwa kwa mfuko wa Asbestos Relief Trust, ambao mgonjwa huomba bila kufungua kesi.

Mifuko ya wafilisika ya Marekani ina hesabu yake inayowachanganya watu. Johns-Manville, mtengenezaji wa bidhaa za asbesto, iliomba kinga ya kufilisika Agosti 1982 ingali na mali, kwa kuona wingi wa kesi unaokuja. Mfuko wake ulianza 1988, na baada ya sheria kurekebishwa mwaka 1994 kampuni nyingi zikafuata nyayo. Mifuko ya namna hii ni takriban 60. Kila mfuko una bei ya ugonjwa kwenye karatasi, na una asilimia unayolipa kweli. Mfuko wa Manville umeandika dola 350,000 kwa mesotelioma, lakini hulipa karibu 5% ya hiyo, ili wagonjwa wa kesho nao wakute kitu. Kwa hiyo mkononi hazifiki dola 20,000. Faida ni kwamba fundi aliyeshika bidhaa za kampuni kumi anaweza kuomba kwenye mifuko kumi, na mifuko mingi inakupa kuchagua: mapitio ya haraka kwa kiasi maalumu, au mapitio ya kina yanayochukua muda na yanayoweza kupanda au kushuka. Kwa mgonjwa mwenye miezi michache, na ushahidi wa kawaida, ningechukua ya haraka bila kusita. Mapitio ya kina yawafae walio na umri mdogo na wategemezi wengi.

Usijumlishe tu. Mara nyingi malipo ya mfuko mmoja hukatwa kwenye hukumu ya mahakama, au serikali huyarudisha kwake kutoka kwenye fidia uliyoshinda. Uingereza hufanya hivyo na malipo ya mkupuo iliyowahi kukupa. Na wakili wa Marekani, ambaye hukudai kitu ukishindwa, huchukua mara nyingi theluthi ukishinda.

Saa inayokwenda

Mifuko huhesabu kwa miezi. FIVA inapaswa kutoa ofa ndani ya miezi 6. Kesi huhesabu kwa miaka, ingawa mahakama zimejifunza: California, kwa mfano, mgonjwa mahututi anaweza kuomba kesi yake ipangiwe tarehe ndani ya siku 120, na ushahidi wake hurekodiwa kwa video mapema ili asipokuwepo bado asikike.

Saa nyingine ni ya ukomo wa muda, na hiyo ndiyo inayoua madai kimyakimya. Sheria nzuri huanza kuhesabu siku ulipojua ugonjwa na chanzo chake. Uingereza ni miaka 3 tangu hapo. Sheria mbaya huanza siku ulipovuta vumbi. Hans Moor, fundi mitambo wa Uswisi, alikutana na asbesto kazini hadi 1978, akagunduliwa na mesotelioma 2004, akafariki 2005. Mahakama za kwao zilisema muda wa miaka 10 ulishakwisha, yaani haki yake ilikufa kabla ugonjwa haujazaliwa. Machi 2014 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilisema huko si kutendewa haki, na Uswisi baadaye ikasogeza muda hadi miaka 20, ambayo kwa mesotelioma bado ni michache.

Kuna wanaotamani kesi ya jinai, waliohusika wafungwe. Ninawaelewa. Lakini kama njia ya fidia ni dhaifu. Turin, Italia, mmiliki wa zamani wa viwanda vya Eternit, vilivyotengeneza bidhaa za saruji na asbesto, alihukumiwa miaka 16 mwaka 2012, rufaa ikapandisha hadi 18, na Novemba 2014 mahakama ya juu ikaifuta hukumu kwa sababu muda wa kosa ulishapita. Fidia iliyokuwa imeamriwa kwa maelfu ya waathirika ikaanguka nayo.

Saini inayofuta haki nyingine

Kama utasoma sehemu moja tu mara mbili, isome hii.

Katika nchi nyingi mfuko wa wafanyakazi umejengwa juu ya mapatano: mwajiri analipa hata kama hakukosea, na mfanyakazi haruhusiwi kumshtaki. Kizuizi hicho humlinda mwajiri, si lazima wengine. Clarence Borel alivika mabomba kwenye viwanda vya Texas tangu 1936 hadi 1969. Mwajiri hakushtakika, basi akawashtaki waliotengeneza vifuniko vya mabomba kwa kutowaonya watumiaji. Alifariki 1970, na mwaka 1973 mahakama ya rufaa ikawapa haki warithi wake. Kesi zote za asbesto zilizofuata Marekani zimepita kwenye njia aliyoifyeka yeye. Kwa hiyo ukiambiwa "umeshalipwa na mfuko, huwezi kushtaki", uliza: siwezi kumshtaki nani?

FIVA ni tofauti. Ukikubali ofa yake, umeachana na mahakama kwa hasara hiyohiyo; mfuko wenyewe ndio utakaomfuata mwajiri. Usiporidhika, unapinga kiasi mbele ya mahakama ya rufaa ndani ya miezi 2. Mimi naiona ni biashara ya haki, kwa sababu FIVA hulipa hasara yote na si asilimia ya mshahara tu.

Halafu kuna suluhu ya mwisho. Mtu mwenye asbestosisi ya mwanzo anaweza kupata mesotelioma miaka 15 baadaye. Akisaini hati inayosema "malipo kamili na ya mwisho", ugonjwa wa pili utamkuta mikono mitupu. Sheria ya Uingereza ya 1981 inaruhusu fidia ya hatua ya kwanza: unalipwa kidogo leo, na hati inataja magonjwa ambayo yakikupata utarudi mahakamani. Kampuni za bima hupendelea suluhu ya mwisho na huongeza hela kuinunua. Mtu wa miaka 78 anaweza kuichukua kwa amani. Mtu wa miaka 50, ningemsihi aombe haki ya kurudi, hata kama kiasi cha leo kitapungua.

Na uvimbe mgumu wa utando wa mapafu usiouma, ule unaoonekana kwenye eksirei tu? England hauna fidia, mahakama ilisema hivyo 2007. Scotland unayo, kwa sheria ya 2009. Eksirei ileile, pande mbili za mpaka.

Ambaye hakuwahi kuajiriwa

Mke aliyekung'uta ovaroli mlangoni kila Jumamosi kabla ya kufua hana mwajiri wa kumlipia, kwa hiyo mfuko wa wafanyakazi si wake. Kesi yake hutegemea mwaka. Mwaka 2005 mahakama ya rufaa ya England ilimnyima fidia mke wa fundi boila wa uwanja wa meli kwa sababu alifua nguo hizo mpaka 1965, na hatari kwa watu wa nyumbani ilikuja kuandikwa wazi mwishoni mwa mwaka huohuo. Kwa watu kama yeye mfuko wa serikali hauna mshindani: FIVA humlipa aliyeugua bila kuajiriwa, Uingereza ina mpango wa mesotelioma wa 2008 usiouliza kazi, na Japani ilitunga sheria ya unafuu mwaka 2006, baada ya kubainika mwaka uliotangulia kwamba majirani wa kiwanda kimoja cha Amagasaki walikuwa wanaugua.

Ungeanzia wapi?

Mwenye mesotelioma na mwajiri ambaye bima yake bado inapatikana, mahakama, na mapema. Hata kampuni ikiwa imefutwa, Uingereza inakuruhusu kuishtaki bima yake moja kwa moja, na bima ikikosekana kuna mpango wa mwaka 2014 unaolipa kwa umri wa mgonjwa kwa michango ya kampuni za bima. Mwenye asbestosisi na waajiri waliotawanyika, mfuko wa wafanyakazi kwanza, huku wakili akiangalia kama yupo mtengenezaji wa kushtakiwa. Mwenye ushahidi wa bidhaa lakini asiye na muda, mifuko ya wafilisika, hata akiishi nje ya Marekani, mradi alilivuta vumbi hilo nchini Marekani. Aliyeugua bila kuajiriwa, mfuko wa serikali kama upo.

Na kama mgonjwa ameshafariki bila jibu la daktari, kuna uamuzi unaotakiwa kufanywa kabla ya mazishi. Afrika Kusini, familia ya aliyewahi kuchimba mgodini inaweza kuridhia moyo na mapafu ya marehemu yapelekwe Johannesburg yachunguzwe bila malipo, hata kama alikufa kwa ajali ya barabarani. Yakikutwa na asbestosisi, warithi wanalipwa. Hati ya ridhaa husainiwa na ndugu wa karibu, mara nyingi siku ileile wanayotafuta jeneza.